Maswali ya Msafiri: Maji yasiyo na kiboko

Barua za mwezi huu zimenikuta nikingoja maji. Mtaa wetu hapa South B hupata maji siku mbili kwa wiki, na leo si mojawapo, kwa hiyo mitungi imejipanga jikoni kama abiria wanaongoja matatu ya mwisho. Toleo lililopita nilidokeza kwamba niliishi Sheffield miaka tisa nikitunza wazee, na kwamba Jumapili zangu nilizimalizia kwenye mabwawa na maziwa ya mashambani. Sikujua nimefungua mfereji. Barua tano zimekuja, zote za maji ya Waingereza. Ya kwanza nitakaa nayo sana, maana Mama Wambui anasafiri mwezi wa sita na hawezi kungoja toleo lijalo.

*Bi Zuhura, habari ya huko? Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Umoja. Binti yangu ni muuguzi Leicester na amenitumia tikiti nikamwone. Anasema Jumamosi ya kwanza tutakwenda "kupumzika bwawani". Nimeshangaa. Nililelewa Kinangop karibu na Sasumua, na bwawa nilijualo mimi ukilikaribia unaulizwa unatafuta nini. Je, kule wageni huruhusiwa? Kuna mamba? Magoti yangu hayapendi mlima. Na huyu mtoto anataka nibebe nguo za kuogelea, mimi ambaye hata Mombasa maji huniishia magotini. Nifanyeje? – Mama Wambui, Umoja*

Mama Wambui, habari ni njema, ni maji tu hayapo.

Mamba hakuna. Kiboko hakuna. Nyoka wa asili mwenye sumu ni wa aina moja tu nchi nzima, naye ana haya kuliko bibi harusi. Atakayekusumbua ni bata bukini aliyeona chapati yako, na huyo mfukuze kwa leso.

Askari wa kukuhoji naye hakuna, na hilo ndilo lililonichukua muda kulizoea. Siku ya kwanza nilisimama kando ya ukuta wa bwawa nikiwa na kitambulisho mkononi, nikingoja wa kuniuliza. Akapita mzee na mbwa wake, akanisalimia, akaenda zake. Mabwawa mengi ni mali ya makampuni ya maji, lakini kandokando yake wameweka njia za miguu, viti, vyoo, maegesho ya kulipia, na mara nyingi kibanda cha chai. Njia ya umma ina mshale: wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli pia. Ukifuata mshale, hata ukikupitisha katikati ya malisho ya mtu, huna haja ya kubisha hodi. Rudishia lango kama ulivyolikuta. Na ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali. Najua mtu wa Kinangop hatishwi na ng'ombe, lakini wale hawaijui sauti yako, na kila baada ya muda husikika wamemkanyaga mtembezi.

Zamani haikuwa hivi. Nyika zilizo juu ya mabwawa ya Derbyshire zilikuwa za mabwana wa kuwinda ndege, na walinzi wao waliwafukuza watu kwa fimbo. Mwezi wa nne mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na Sheffield, walipanda mlima wa Kinder Scout makusudi, wakasukumana na walinzi, na watano wakafungwa jela. Miaka 19 baadaye eneo hilohilo likawa ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea milimani na nyikani. Lakini haki hiyo ni ya miguu. Kuogelea haimo. Shikilia hapo, nitarudi.

Kutoka Leicester nakisia binti yako anakupeleka Rutland Water. Treni ya kwenda Oakham ni kama nusu saa, na hamna haja ya kubadilisha. Bwawa hilo lilitengenezwa miaka ya 1970 kwa kuziba bonde karibu na kijiji cha Empingham, na kwa upana wa uso wake hakuna linalolishinda England. Kulizunguka lote, pamoja na rasi ya Hambleton iliyojichomeka katikati, ni kilomita 37 hivi, ila hakuna aliyekutuma. Mwambie akupeleke upande wa Normanton. Njia imetengenezwa vizuri, magoti hayatalalamika, na mbele yako utaona kanisa la mawe limesimama majini kama mtu aliyeingia kuoga akasahau alichofuata. Lilikuwa lizame. Watu walipopinga, sehemu yake ya chini ikajazwa kifusi na zege, likazungushiwa mawe na kuwekewa njia ya kulifikia. Kijiji cha Nether Hambleton hakikupata bahati hiyo. Nyumba zake zilibomolewa na maji yakapita juu.

Upande wa kusini, pale Lyndon, kuna vibanda vya mbao vya kutazamia ndege. Ukikaa kimya utamwona tai mla samaki mwenye kifua cheupe, jamaa ya furukombe wetu wa Naivasha. Hawa walikuwa wametoweka huko. Kuanzia mwaka 1996 vifaranga vililetwa kutoka Scotland, na mwaka 2001 wakaangua kwa mara ya kwanza. Mwezi wa sita utawakuta wanalisha makinda. Ikifika mwezi wa nane au wa tisa wanaruka kurudi Afrika Magharibi, bila kupanga foleni ya viza. Halafu kuna Whitwell, kijiji cha nyumba chache upande wa kaskazini, kilichojitangaza pacha wa Paris. Wanakijiji walimwandikia meya wa Paris kwamba asipojibu kufikia siku fulani watahesabu amekubali. Wakahesabu amekubali. Mimi nimejaribu njia hiyo kwa mwenye nyumba wangu na haikufaulu.

Mkipata Jumamosi ya pili, nendeni bwawa la Ladybower. Treni kutoka Leicester hadi Sheffield ni saa moja hivi, kisha ile ndogo ya kupita bonde la Hope hadi kituo cha Bamford. Nakutuma huko kwa sababu moja: sehemu ya maji anayochemshia chai binti yako inatoka kwenye bonde la Ladybower. Mwaka 1899 miji minne, yaani Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester, iliungana kugawana maji ya mto Derwent. Yakajengwa mabwawa ya Howden na Derwent, na baadaye Ladybower, ambalo mfalme George wa Sita alilifungua mwaka 1945. Wajenzi wa yale mawili ya kwanza waliishi Birchinlee, kijiji kizima cha mabati, chenye shule, hospitali na baa. Watu wa pale walikiita mji wa mabati. Nilipousoma ubao unaoeleza hayo nilicheka peke yangu njiani, nikakumbuka Mukuru.

Vijiji viwili, Derwent na Ashopton, vipo chini ya Ladybower. Wafu walifukuliwa makaburini Derwent wakazikwa upya Bamford. Daraja la kale la mawe, la farasi wa mizigo, lilivunjwa jiwe kwa jiwe likaja kujengwa tena juu kabisa ya bonde. Mnara wa kanisa uliachwa. Bibi mmoja niliyemtunza, sasa ni marehemu, alikuwa mtoto wakati huo mnara umesimama peke yake katikati ya maji. Ulilipuliwa mwaka 1947. Kila nikimpitisha pale kwa gari alikuwa akiniambia jambo moja, kwamba baba yake aliuvulia kofia. Sikuwahi kumwambia kuhusu Ndakaini, kwamba na kwetu Murang'a watu walihamishwa, bwawa likakamilika mwaka 1994, na leo sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka huko. Najuta sikumwambia. Angenielewa upesi kuliko wengi.

Ukifika usisahau kutazama matundu mawili ya mawe karibu na ukuta, kila moja na upana wa mita 24 hivi. Bwawa likijaa, maji hutumbukia humo kimya kimya kama yanayomezwa. Huwezi kuyatazama bila kurudi nyuma hatua moja.

Sasa nguo za kuogelea.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na nilijivuna kwa hilo. Mwaka wangu wa pili kule, mwezi wa tano, jua kali, tulikwenda ziwa la Ullswater watu watano wa kazini. Maji safi, unahesabu kokoto. Wenzangu wakavua viatu wakachovya vidole. Mimi nikaona haya kwa niaba yao, nikakimbia nikajitupa. Mama Wambui, pumzi ilikatika kama taa ya stima. Mdomo ulifunguka wenyewe na maji yakaingia. Mikono niliyoitegemea maisha yote haikunitambua. Nilikuwa mita chache tu kutoka ufuoni na niliona wazi kwamba ninakufa, tena mbele ya watu wanaokula biskuti. Kilichoniokoa ni kwamba niligeuka chali bila kukusudia, nikaelea, na baada ya dakika moja hivi pumzi ikarudi. Mwenye boti aliniambia baadaye kuwa maji siku ile yalikuwa nyuzi 11. Ya Likoni huzidi 25.

Ndiyo maana nasema wageni wetu hudanganywa na yale maji kwa sababu hayana mnyama. Sisi tumezoea kuuliza maji yana nini ndani. Kule cha kuuliza ni yana baridi kiasi gani, na jua la juu halikuambii kitu, kwa sababu bwawa lenye kina hubaki na baridi hata siku mtu anapotembea bila shati. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka, mtu huvuta pumzi bila hiari, moyo huenda mbio. Anayejua kuogelea na asiyejua hushtuka sawasawa. Bwawa lina ubaya wake zaidi: kingo zimeshuka ghafla na zinateleza, na chini kuna mabomba yanayovuta maji usiyaone. Kwa hiyo mabwawa mengi, Ladybower likiwamo, hayaruhusu kuogelea kabisa, na kibao kikisema hivyo hakitanii. Rutland wametenga sehemu ya kuogelea majira ya joto upande wa Sykes Lane. Binti akitaka, aingie hapo, polepole, ajirushie maji shingoni kwanza. Akishtuka asipigane na maji. Alale chali aelee mpaka pumzi itulie. Ukiona mtu anazama usimfuate. Mtupie chochote kinachoelea, piga 999 na uitishe zimamoto, ndio waokoaji wa maji ya bara. Wewe kaa ufuoni na thamosi yako. Hakuna atakayekucheka, nusu ya Waingereza wanafanya hivyohivyo.

Beba koti la mvua hata mbingu ikiwa kama kioo, raba zenye meno, sweta, na chakula chako. Jioni jikague miguu, majani marefu yana kupe. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, usiguse. Ni mwani wenye sumu, na umeua mbwa wengi. Makaa yaache nyumbani. Najua vijana wetu wa Leicester hawaoni mandhari bila kuwaza nyama choma, lakini udongo wa zile nyika ni mabaki makavu ya mimea, moto ukishika unaingia chini ya ardhi. Mwaka 2018 uliwaka Saddleworth hadi jeshi likaitwa. Choma nyama nyumbani, ibebe kwenye hotipoti.

*Bi Zuhura, mimi ni mvuvi wa Dunga ninayeishi Kayole. Kaka yangu yuko Peterborough na ananiita nimsaidie kazi miezi michache, karatasi zangu ziko sawa. Je, naweza kubeba ndoana zangu nijipatie kitoweo? – Otieno, Kayole*

Otieno, ndoana beba, lakini usizitumbukize kabla ya kulipa mara mbili. Kwanza leseni ya serikali, ambayo kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi lazima awe nayo ndipo avue samaki wa maji baridi England. Pili kibali cha mwenye maji, maana kila ziwa, bwawa na kipande cha mto kina mwenyewe. Ukiwa na kimoja bila kingine bado ni kosa, na wakaguzi huja hadi ufuoni. Mitoni pia kuna likizo ya samaki wasio trauti wala samoni, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu hadi tarehe 15 mwezi wa sita, usivue. Mabwawa na maziwa mengi yana kanuni zake, uliza dukani wanapokuuzia kibali.

Sasa jiandae kwa jambo litakalokuuma. Utamkuta mtu amelala hemani siku mbili akimvizia kapi, yule mnene aliyejaa Naivasha. Atampata. Atamlaza kwenye godoro, naam, godoro, atampima, atapiga naye picha, atampaka dawa palipochomwa na ndoana. Kisha atamrudisha majini! Mara ya kwanza nilidhani amemponyoka, nikampa pole. Usije ukamchukua kapi wa watu ukampeleka kwa kaka yako, utaitiwa polisi. Anayeliwa ni trauti, na Rutland ni maarufu kwake, ingawa huko huvuliwa kwa nzi bandia wa manyoya, utupaji wake unahitaji mkono mwepesi. Kibali kitakuambia unaruhusiwa wangapi. Trauti si mgeni kwetu, walowezi waliwaleta kwenye mito ya Aberdare tangu mwaka 1905. Mkaange kama ngege. Usithubutu kumchemsha kama wao.

*Assalaam alaykum Bi Zuhura. Ndugu yangu wa Birmingham ametualika mimi, mke na mabinti wawili, tutakwenda Windermere mwisho wa mwezi wa sita. Tunaswalije huko porini? Na mabinti wanataka kuingia majini, wafanyeje na stara? – Baba Hamza, Eastleigh*

Wa alaykum salaam, Baba Hamza. Mwisho wa mwezi wa sita jua la huko huzama karibu saa nne kasorobo usiku. Maghrib hiyo. Alfajiri nayo inakurukia ukiwa umesinzia tu. Kuhusu isha, mbingu yao haifiki giza kamili majira hayo, na misikiti ina hesabu tofauti. Fuata ratiba ya msikiti wa nduguyo, msibishane kando ya maji. Kibla usikifanye kwa mazoea: hapa Nairobi tunaelekea kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Niliwahi kuswali adhuhuri nzima nikielekea hoteli moja ya Bowness, mji ulio kando ya Windermere. Mkeka wa plastiki chini ya msala, nyasi zina umande hata mchana.

Stara haitakuwa shida, na sababu yake itakufurahisha. Waingereza wenyewe, wakiingia yale maji, huvaa suti ya mpira kutoka shingoni hadi vifundoni kwa kuogopa baridi. Mabinti wavae hiyo, huazimwa kwa kodi, na juu yake kanzu ya kuogelea wakitaka. Jibu langu kwa Mama Wambui kuhusu kuzoea maji wasome mara mbili. Kama ni mtumbwi, jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa, lisikaliwe. Angalau Windermere hamtasumbuliwa na mawimbi ya mbio, tangu mwaka 2005 boti haziruhusiwi kuzidi noti 10, yaani kilomita 18 hivi kwa saa. Ni ziwa refu kuliko yote England, kilomita 17 hivi, na kwa hiyo lina watu kama Gikomba. Mkichoka na msongamano nendeni Wastwater, lenye kina kuliko yote, ambako pengine mtasikia sauti zenu wenyewe.

Na mabinti wakitaka kumshinda mwalimu wao, wamuulize katika Lake District, eneo zima la maziwa lenye Windermere, ni maziwa mangapi yenye neno "Lake" katika jina rasmi. Ni moja, Bassenthwaite. Mengine yote yana majina yao ya kale.

*Sasa Bi Zuhura! Nimekimbia Ndakaini mara tatu, zile kilomita 21 zinazozunguka bwawa. Kuna mbio kama hizo Uingereza? – Njeri, Rongai*

Njeri, Kielder Water, Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. Ndilo bwawa kubwa kuliko yote England kwa wingi wa maji, lita bilioni 200, na njia inayolizunguka ina maili 26, yaani kilomita 42 hivi. Umeshaielewa hesabu. Marathoni yake ilianzishwa mwaka 2010 na Steve Cram, yule aliyekuwa bingwa wa mita 1,500. Hakuna mwinuko wa kukutisha wewe uliyepanda vilima vya Gatanga, ila ni kupanda na kushuka bila kupumzika, wala usitarajie kijiji kizima kukupigia makofi njiani kama Ndakaini. Ni misonobari tu. Ukienda kufanya mazoezi kiangazi, usubi wa jioni watakula hai, hasa ukisimama. Basi usisimame. Lala huko usiku mmoja. Mbingu yake inalindwa dhidi ya taa tangu mwaka 2013, na mtu wa Rongai amesahau nyota zilivyo nyingi.

*Wewe mama, nakusoma kila mwezi. Mbona unatupeleka kwa Wazungu kutazama madimbwi? Naivasha haitoshi? Na vile vijiji vilivyozama vina nini cha kuona, si ni matope? – Mzee wa Kawangware*

Mzee wangu, shikamoo. Naivasha inatosha, na ningeishi huko kama kiboko wangeheshimu mipaka ya mashamba. Sikumwambia mtu auze ng'ombe aende. Wanaokwenda wanakwenda kuona watoto wao. Mimi nawaelekeza tu Jumamosi.

Matope umesema kweli. Ukame ukizidi, kama mwaka 2018 na mwaka 2022, Ladybower hushuka, mawe ya nyumba za Derwent huibuka, na watu huja kwa maelfu kupiga picha. Mwaka huo wa 2018 mmoja wao alinasa kwenye tope hadi waokoaji wa milimani wakaja kumng'oa. Mimi nilikwenda pia, nikasimama juu njiani. Palikuwa na msingi wa nyumba, jiko la mawe, ngazi tatu zinazokwenda kusikokuwa na mlango. Mama mmoja Mwingereza aliyesimama karibu nami aliuliza kama ninatoka mbali. Nikamwambia natoka mji ambao na wao walikuwa na bwawa la mashua za tanga, watu wakishindana kando ya Lang'ata, na leo Nairobi Dam limefunikwa na magugu hadi mgeni akidhani ni shamba. Akaniuliza nani alilizamisha. Sikuwa na jibu la haraka, Mzee, na wewe unayeishi Kawangware pengine ungemjibu vizuri kuliko mimi.

Nasikia mfereji unakohoa jikoni. Si siku yake, lakini sitauliza. Naenda kukinga.